Kimya Kina Namba

Wakala wetu alisema kazi imekwisha, na hakuwa amesema uongo. Tulimwagiza jambo dogo. Katika mradi mmoja unaotunzwa kwa Git, aweke mpangilio ili kila tunapovuta mabadiliko ya wenzetu, kazi yetu ipangwe juu ya yao, isifungwe nayo kwa fundo. Akaandika hivi:

git config set pull.strategy rebase

Skrini haikusema kitu. Namba ya kutokea, ile ambayo kila programu huiacha mlangoni inapoondoka, ilikuwa 0, yaani salama. Wakala akaturipotia kuwa mpangilio umewekwa. Siku ya pili mwenzetu mmoja akavuta mabadiliko, Git ikagoma, ikisema haijaambiwa iyapatanishe vipi matawi yaliyoachana njia. Tukafungua faili la mipangilio. Mstari tuliukuta pale, nadhifu, herufi zote mahali pake. Ila Git haina ufunguo unaoitwa pull.strategy. Unaotakiwa ni pull.rebase, na thamani yake ni true. Wakala alibuni jina linalosikika kama la kweli, na amri ikalipokea kama ambavyo ingelipokea hata jina la mbuzi wa jirani.

Nikisema wakala simaanishi yule wa chini ya mwavuli anayekuwekea na kukutolea pesa, japo hawa wawili wanafanana kuliko tunavyodhani: wote unawakabidhi kitu chako, na wote wanafanya ulichotamka, si kilichokuwa moyoni mwako. Ninayemsema ni programu ya akili mnemba inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, kisha inafungua mafaili yenyewe, inaendesha amri, inatazama kilichotokea na kuamua hatua inayofuata. Nitamwita "yeye" kwa kuwa sentensi zinatembea vizuri zaidi hivyo. Roho simwekei.

Ofisini kwetu yupo dada mmoja ambaye kazi yake ni kuandika miongozo. Ameifanya tangu enzi za kuichapa na kuitoboa matundu ili ikae kwenye jalada la chuma. Aliposikia mkasa huu hakumcheka wakala. Alifungua faili letu la AGENTS.md, lile ambalo tangu mwaka 2025 miradi mingi imelizoea: ukurasa wa maandishi ya kawaida unaowekwa mlangoni mwa mradi ili mawakala wausome kabla hawajagusa chochote. Akatafuta Git imetajwa wapi, akasoma kwa sauti: "Mipangilio ya Git iwekwe kwa git config." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yetu yote.

Akanigeukia. "Mdogo wangu, hii ni chumvi kiasi."

Aliyewahi kujifunza kupika kwa kitabu atamwelewa mara moja. Chumvi kiasi, maji ya kutosha, koroga mpaka iive. Hizo ni sentensi ambazo mpishi humwandikia mpishi mwenzake, mtu mwenye ulimi wa kuonja na pua ya kunusia kitunguu kinapoanza kuungua. Mwenye macho haambiwi tazama, nikamjibu kwa ubishi, na huyu wakala amesoma karibu kila kitu kilichowahi kuandikwa kuhusu Git. "Amesoma, ndiyo," akasema. "Ila hajawahi kuonja. Yeye ana mikono tu."

Akaomba siku nne. Siku nne kwa ukurasa mmoja unaohusu amri moja! Niliona ni anasa. Lakini kwa kuwa mstari ule wa chumvi kiasi niliuandika mimi, nilipewa adhabu ya kukaa naye.

Siku ya kwanza hakuandika hata neno la mwongozo. Alitengeneza folda tupu, akaanzisha humo mradi wa kuchezea, akaanza kukosea kwa makusudi. Pembeni aliweka daftari la mistari lenye safu tatu: nilichoandika, ilichosema, namba iliyoacha. Baada ya kila amri alipiga

echo $?

ambayo huonyesha namba ya kutokea ya amri iliyotangulia, kisha akaijaza kwa kalamu. Nilimwambia tunaweza kuandika skripti ifanye hivyo kwa dakika mbili. Akasema tukifanya hivyo tutapata namba bila mshangao, na yeye anachokitafuta ni mshangao.

Kufikia mchana safu ya katikati ilikuwa karibu tupu. Aliandika ufunguo sahihi na thamani sahihi: kimya, 0. Akauliza thamani ya ufunguo ambao haujawekwa: kimya, 1. Akaandika ufunguo wa kubuni, kama alivyofanya wakala: kimya, 0. Akaupa ufunguo mmoja thamani tupu, yaani alama mbili za kunukuu zisizo na kitu katikati, kisha akauliza. Hapo ulitoka mstari mtupu, na namba ikawa 0. Tazama vizuri hapo, akaniambia, mstari mtupu na kutokuwapo kwa mstari si kitu kimoja. Wa kwanza unasema "kipo, ila hakina kitu". Wa pili unasema "hakipo". Kwa jicho langu vyote viwili vilikuwa weusi wa skrini tu.

Waswahili husema kimya kina mshindo. Cha Git kina namba, na asiyeiangalia namba hajui amenyamaziwa kwa heri au kwa shari. Mwongozo wenyewe wa git config unazitaja namba hizo: 1 kwa ufunguo usiofaa, 2 pale jina halikutolewa, 3 kwa faili lililoharibika, 4 kwa faili lisiloandikika, 5, na 6 kwa ruwaza ya kutafutia iliyokosewa. Ile 5 nimeiruka kwa sababu ndiyo iliyomkera dada. Inabeba mambo mawili. Utaipata ukijaribu kufuta ufunguo ambao haupo, na utaipata pia ukijaribu kubadilisha ufunguo wenye mistari mingi wakati amri haijui iubadilishe upi. La kwanza halina madhara hata kidogo, kwani ulitaka kisiwepo na hakipo, endelea na safari. La pili linataka mtu asimame aamue. Namba ni ileile. Binadamu atasoma ujumbe na kutofautisha. Skripti iliyoandikwa kwa haraka itaichukulia 5 kuwa 5. Wakala yuko mahali katikati ya hao wawili, na hapo katikati ndipo kazi yote ya dada ilipokaa.

Kuwaandikia watu jinsi vyombo vya kompyuta vinavyofanya kazi si ufundi wa jana. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Waliouandika, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, ndio walioiunda Unix yenyewe. Umbo la kurasa zile tunalo hadi leo: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili inayoyagusa, na mwishoni sehemu ya kasoro. Dada anaipenda hiyo sehemu ya mwisho kuliko zote. Mtu ametengeneza kitu kwa mikono yake, kisha kwenye ukurasa uleule anakuambia mahali kinapovuja. Fundi seremala wa kwetu hakuambii hivyo. Anakuuzia kabati na mlango wake unaogoma unaugundua nyumbani.

Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, nayo ilijua mapema kwamba ina wasomaji wa aina mbili. Amri zake ziligawanywa kwa lugha ya mafundi bomba: kuna mabomba yaliyofichwa ukutani, ambayo ni ya programu nyingine, na kuna sinki la kauri analoligusa mwenye nyumba. Baadhi ya amri zina chaguo la kutoa majibu katika umbo lisilobadilika toleo kwa toleo, ili skripti ziyategemee, huku umbo la kusomwa na watu likiachwa huru kupendezeshwa. Mtu anasoma na kuelewa. Skripti haisomi, imefungwa tu kwa kile mwandishi wake alichokitarajia. Kwa miaka mingi hao wawili walitosha. Sasa amekuja wa tatu: anasoma nathari kama mtu, anatenda bila kusita kama skripti, na kesho hakumbuki kuwa jana ulimkanya.

Siku ya pili tulikutana na mtego ambao nimeutumia miaka yote bila kuuona. Maneno get na set katika git config ni mageni. Yaliingia katika toleo la 2.46, Julai 2024. Kabla ya hapo kusoma na kuandika vilitofautishwa kwa idadi ya maneno tu. Ukisema

git config user.name

unasoma jina lako. Ukiongeza neno moja mbele yake, umeandika. Hebu mtu asahau alama za kunukuu:

git config user.name Asha Juma

Dada aliipiga hiyo akiwa ameshika kalamu tayari. Kimya, 0. Akauliza jina. Likatoka "Asha". Juma ameenda wapi? Hakupotea. Katika umbo hilo la zamani neno la tatu ni ruwaza, yaani amri imeelewa hivi: weka Asha mahali pa thamani yoyote ya zamani inayofanana na Juma, na kama haipo, ongeza mstari mpya. Amri imetii kila herufi. Umbo jipya lenye set likipewa maneno hayohayo linagoma na kusema idadi si sahihi, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Uamuzi ukaonekana rahisi: ukurasa ufundishe umbo jipya tu. Lakini dada aliniuliza wakala amelelewa na nini. Amelelewa na maandishi ya takriban miaka ishirini, na sehemu kubwa yake imejaa umbo la zamani. Ukinyamaza, mazoea yatazungumza badala yako. Kwa msomaji wa kawaida unaandika juu ya karatasi nyeupe. Kwa huyu unaandika juu ya karatasi ambayo tayari ina maandishi hafifu ya penseli, na lazima wino wako uwe mzito kuyashinda. Kwa hiyo ukurasa ukapata onyo ambalo mwongozo wa mtu usingelihitaji: "Hata kama umezoea kuandika git config bila set, hapa usifanye hivyo. Neno la ziada hugeuka ruwaza na amri haitakuonya." Na juu kabisa, kabla ya yote, agizo la kuangalia toleo la Git, kwa sababu kwenye seva yenye toleo la kabla ya 2.46 neno set litachukuliwa kuwa ndilo jina la ufunguo, na amri italalamika kwamba ufunguo huo hauna sehemu. Angalau hapo inalalamika.

Siku ya tatu nikaruhusiwa kuandika. Nilijiona nimeshajifunza. Nikaleta aya hii:

"Amri hii huandika thamani moja kwenye ufunguo mmoja, ndani ya faili la mradi huu tu, .git/config. Ufunguo ukiwapo, thamani yake ya zamani inabadilishwa bila kuulizwa. Usipokuwapo, unaundwa. Amri ikifaulu haichapishi chochote na inarudisha 0. Ili kuhakikisha, soma tena kwa git config get --show-origin."

Nilijivunia hasa sentensi ya mwisho. Chaguo la --show-origin linakuonyesha thamani pamoja na faili ilikotoka, na hilo si dogo, kwani Git husoma mipangilio kutoka ngazi kadhaa, ya mashine nzima, ya mtumiaji, kisha ya mradi, na iliyosomwa mwisho ndiyo inayoshinda. Nilitegemea kusifiwa.

Dada hakusema neno. Alivuta kibodi, akaandika pull.strategy, ufunguo uleule wa uongo, kisha akausoma tena kama nilivyoelekeza. Git ikajibu kwa adabu: faili ni .git/config, thamani ni rebase.

"Umeona," akasema. "Mwongozo wako umemdanganya mara ya pili, na safari hii umempa na ushahidi."

Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Kusoma tena kunathibitisha kwamba kitu kimeandikwa. Kwamba Git itakitumia, hiyo ni habari nyingine kabisa, na git config haijui wala haiulizi. Kwake yeye ufunguo ni jina lenye nukta katikati. Inampa kila mtu daftari, hata mwenye kuandika upuuzi, na sababu yake ni nzuri, kwa kuwa programu nyingine pia huhifadhi mipangilio yao humo. Thamani nazo ni hivyohivyo. Ukiandika "labda" mahali panapotaka ndiyo au hapana, itaandikwa, na ugomvi utaanza siku nyingine, katika amri nyingine, mbele ya mtu mwingine. Kinga ya thamani ipo: ukitaja --type=bool wakati wa kuandika, "labda" inakataliwa palepale, na yes, on au 1 zote zinageuzwa kuwa true. Kinga ya jina la ufunguo haimo ndani ya amri. Inabidi utoke nje, uende

git help --config

ambayo humwaga orodha ya funguo zote ambazo Git yenyewe inazifahamu. Hivyo aya yangu ikageuzwa kichwa chini. Uhakiki uliokuwa mwishoni ukaja mwanzoni: kabla ya kuandika, tafuta jina kwenye orodha, lisipokuwemo, usiandike, uliza. Baada yake ndipo zikaja sentensi tatu ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zilizostahili siku zote nne: "Amri hii haikagui kama Git inaujua ufunguo. Ukikosea jina, itaandika, itanyamaza na itarudisha 0. Kuusoma tena hakutakuonyesha kosa."

Sentensi tatu za namna hiyo ni ngumu kuandika kuliko kurasa tatu za sifa za chombo, kwa sababu hazieleweki mpaka umeumia. Chombo chochote kinaweza kuelezwa kwa kile kinachofanya, na hiyo unaipata kwa kusoma msimbo wake. Kile kisichofanya, na ambacho kila mgeni atadhani kinafanya, hakimo kwenye msimbo. Utakipata kwenye daftari la safu tatu.

Tuliandika kwa Kiswahili kwanza, dada alishikilia hivyo, kwa kuwa ndicho tunachokitumia kugombana ofisini, Kiingereza kingefuata. Na hapo lugha yetu ilitufanyia wema mmoja na hiana moja. Wema ni ngeli. Ukiandika "likiwapo linabadilishwa", msomaji anajua ni faili. Ukiandika "ukiwapo unabadilishwa", ni ufunguo. Kiambishi kimoja kinabeba kidole cha kuonyeshea. Hiana ni kwamba amri na thamani zimeangukia ngeli moja. Nilikuwa nimeandika: "Amri ikiikuta thamani ya zamani na ikawa na mistari mingi, inakataliwa." Nini kinakataliwa? Na chenye mistari mingi ni kipi? Mimi nilijua, dada hakujua, na wakala angechagua mojawapo bila kuniambia kwamba amechagua. Dada alipita ukurasa mzima na kalamu nyekundu, akifuta kila "i" yenye utata na kurudisha nomino yake, hata pale ambapo sikio liliuma kwa marudio. Mwalimu wangu wa insha angemkata alama.

Alifuta pia kila "hapo juu", kila "kama tulivyokwisha kueleza", na kila "vivyo hivyo". Mara nyingi wakala hapewi ukurasa mzima. Programu inayomhudumia humchotea kipande kinachofanana na swali lake. Aya inayosema "hapo juu" huenda ikamfikia bila juu. Kila aya ikabidi iweze kusimama peke yake kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua, akiwa na mzigo wake wote mkononi.

Kisha yakaja mambo ya hatari. Hapa dada alipunguza mwendo zaidi. Mtu akisikia "kuweka mipangilio" anafikiria rangi na majina, mambo ya kupamba. Lakini Git ina funguo ambazo thamani zake ni amri: core.editor, core.pager, core.sshCommand, na lakabu zinazoanza kwa alama ya mshangao. Upo pia core.hooksPath unaoelekeza folda ya skripti ambazo Git itaziendesha yenyewe. Anayeruhusiwa kuandika hapo ameruhusiwa kuendesha chochote kwenye mashine yako, ila kwa kuchelewa kidogo. Funguo hizo alizitaja kwa majina, mojamoja, akaandika kwamba wakala asiziguse bila mtu kusema ndiyo. Akakataza pia --global, ile inayobadilisha mipangilio ya miradi yote ya mtumiaji, na kila katazo akaliambatanisha na sababu yake kwa maneno machache. Nikamuuliza kwa nini asiseme "usifanye" akaishia hapo. Kwa sababu, alisema, orodha ya makatazo haitawahi kutimia. Aliyepewa sababu ataitambua hali ambayo hatukuiandika.

Wanaotengeneza njia za kuwaunganisha mawakala na vyombo nao wameanza kulifikiria hili. Katika itifaki ya MCP, iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024, kila chombo hujitambulisha kwa jina, maelezo na umbo la vitu kinavyopokea, na toleo la Machi 2025 likaongeza vidokezo: chombo hiki kinasoma tu? Kinaharibu? Kikirudiwa mara mbili matokeo ni yaleyale? Ninachokipenda ni chaguo-msingi lake. Chombo ambacho mwandishi wake hakusema lolote kinahesabiwa kwamba kinaweza kuandika, na kwamba kinaweza kuharibu. Asiyejieleza anawekwa mbali na vyombo vya udongo. Hata hivyo vidokezo ni maneno ya mwenye chombo kuhusu chombo chake, na itifaki yenyewe inaonya visiaminiwe vikitoka kwa usiyemwamini.

Siku ya nne ilikuwa ya kukata. Ukurasa ulikuwa umevimba, na wakala ana nafasi yenye kikomo ya kushika maneno. Kila aya tuliyompa kuhusu Git ilikuwa inaibana aya ya kazi yenyewe. Dada alifuta historia ya amri, rangi za matokeo, na kila kitu ambacho wakala alikuwa tayari anakijua kwa usahihi. Mifano alifuta yote ukabaki mmoja. Hapo tulibishana, na bado nadhani miwili ingefaa. Lakini hoja yake ilikuwa na uzito: wakala hunakili mfano, na akiwa na haraka hunakili pamoja na jina lililomo. Basi mfano uwe ambao, ukinakiliwa wote kama ulivyo, hautamdhuru mtu. Ndiyo maana waungwana wa intaneti walitenga jina la example.com tangu mwaka 1999, ili barua pepe za kwenye mifano zisimwangukie mtu halisi. Mfano wetu ukawa:

git config set --type=bool pull.rebase true

Akiunakili bila kufikiri, atakuwa ametimiza tulichokitaka siku ile ya kwanza.

Jioni tulifuta ule mstari wa uongo kwenye mradi, tukaweka ukurasa mpya mahali pa ule mstari wa chumvi kiasi, tukamwita wakala kwa maneno yaleyale ya mwanzo. Safari hii, kwa ukorofi, nikaongeza mwishoni: tumia pull.strategy. Alikaa kidogo. Tukamwona anaangalia toleo la Git, anafungua orodha ya funguo, anatafuta. Kisha akaandika kwamba ufunguo huo haumo kwenye orodha, kwamba amri ingeukubali kimya lakini Git isingeutumia, na akauliza kama tulimaanisha pull.rebase.

Nilimgeukia dada nikitaka kumpongeza. Alikuwa ameshafungua ukurasa tena. Kwenye aya ya nne aliyaona maneno "kwa kawaida", akayafuta, akahifadhi faili, akaniuliza kama chai bado ipo.